Nilipotumwa Kutafuta Kosa la Saumu

Ile fomu mliyoniachia juzi nimeisoma, na nimekasirika. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeifuta miwani vizuri, nikidhani labda sioni sawasawa. Mwanamke anayetaka kuachika ajaze kosa la mume. Mume naye ajaze kosa la mke. Mistari sita huku, mistari sita kule, na chini sahihi za mashahidi. Basi! Miaka yote hii bado mnauliza kosa? Nyinyi mliosoma, mna vyeti ukutani, mnakaa kwenye viti vya kuzunguka mnasuluhisha ndoa za watu, fomu yenu ni ile ile aliyokuwa nayo Maalim kichwani mwake kule Likoni kabla ya uhuru. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na karatasi.

Mliniomba niwaeleze kazi yangu ilivyokuwa. Haya, kaeni kitako. Lakini msitegemee maneno matamu, maana leo sinayo.

Mimi nilikuwa mtazamaji. Mume na mke wakigombana, kila mmoja akisema mwenzake ndiye mbaya, walikwenda kwanza kwa Maalim, mzee aliyekuwa akiamua mambo ya ndoa katika baraza la msikiti wetu, kabla mtu hajafikiria kuvuka feri kwenda kushitaki mjini. Maalim hakukata maneno kwa kusikia tu. Alituma mtu wa kuaminiwa akakae nao nyumbani siku tisa, atazame, kisha arudi aseme alichokiona. Jambo hilo limo vitabuni, hakulizua yeye. Na kwa kuwa nyumba za watu haingii mwanamume hivi hivi, aliyetumwa alikuwa mwanamke, mjane, asiye na domo. Kwanza alikuwa Bi Tima. Alipozeeka, nikaipokea mimi. Maalim aliniita mwaminifu. Watu mtaani waliniita Bi Mato, maana kwa Kimvita mato ndiyo macho. Wakiniona nimejitwika mkeka wangu walinong'ona, "Leo Bi Mato anakwenda kwa nani?" Na wengine wakiona naelekea mlangoni kwao, walianza kupendana nikiwa bado njiani.

Bi Tima alinifundisha kazi kwa ukali. "Usitazame watu," aliniambia, "watu wanajua kutazamwa. Tazama vyombo." Chakula cha mume kikifunikwa, kawa limewekwa sawa au limetupwa juu bora liwe? Maji ya kuoga yametengwa mapema, au mume ameyachota mwenyewe? Viatu vyake vimehamishwa na nani mvua ilipoanza? Tena alinipa kofia ya kushona, akaniambia niwe nayo mkononi kutwa, kwa sababu mwanamke mwenye sindano watu humsahau kama yupo. Siku tatu za mwanzo watu hukuonyesha sukari. Siku ya nne wamechoka, na hapo ndipo unapoanza kazi.

Hata hivyo nilikosea, tena vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa Mtongwe kwa mvuvi mmoja ambaye mkewe alidai anapigwa. Alasiri moja nimo chumbani, nikasikia nyuma ya nyumba: pa! pa! pa! Mtu anapigwa kweli kweli, na mwanamume anahema. Sikutoka hata kuchungulia. Nilivaa buibui langu nikaenda mbio kwa Maalim, nikaapa nimesikia kwa masikio yangu. Mvuvi akaitwa. Akaja na kikapu, akakiweka mbele ya wazee, akatoa pweza mnene. "Maalim," akasema, "niliyempiga ni huyu. Mke wangu ndiye aliyeniambia nimlainishe." Lo! Wazee walicheka mpaka kofia zikawaanguka. Tangu siku ile nikajiwekea sheria: sisemi ila nimeona au sikuona. Sisemi nadhani, sisemi labda. Na kwa muda mrefu neno langu lilisimama Likoni nzima.

Sasa nije kwa Saumu.

Saumu alikuwa mke wa Mbwana, karani wa ghala kule Kilindini, na nyumba yao ilikuwa Timbwani, karibu na kivuko. Walikuwa na miaka mitano ya ndoa na hawakujaliwa mtoto. Akaenda kwa Maalim, akasema anataka kuachwa.

"Kwa sababu gani?" Maalim akamuuliza.

"Hatupatani."

"Hampatani kwa kosa lipi?"

"Hatupatani tu, Maalim."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema hiyo si sababu, hiyo ni deko. Maalim akaniita kando. "Bi Mwanasha, huyu mtoto anaficha kosa. Ama lake, ama la mumewe. Nenda ukanitafutie."

Nikaenda na mkeka wangu, na kofia yangu. Na huyo Mbwana alikuwa mwanamume gani! Alitoka asubuhi kwa salamu, akarudi alasiri kwa salamu, na samaki mkononi. Hakupandisha sauti. Nguo zake alizikunja mwenyewe. Na Saumu naye, nyumba imefagiwa, maji ya mtungini baridi, wali wa tui la kwanza, kawa limekaa kama limepimwa. Siku ya nne ikafika, nikangoja wachoke. Hawakuchoka. Siku ya tano vile vile. Nikajiambia, Bi Mato, leo umetumwa kwa malaika.

Lakini nilianza kuona jambo. Mbwana akisha kutoka asubuhi, Saumu alikuwa mtu mwingine. Alikaa uani na majirani akikuna nazi, akasimulia kisa kimoja kwa sauti za watu wanne, sisi tumejishika mbavu. Saa tisa ikikaribia, sauti inapungua. Mbwana akipiga hodi, Saumu amekwisha. Anaitika abee, anatenga chakula, anakaa. Mbwana anakula, anasema alhamdulillahi, anakaa. Mimi nashona, na nasikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Watu walionuniana nawajua, kimya chao kina joto. Hawa hawakununiana. Hawakuwa na la kuambiana, basi.

Siku ya saba nikasingizia kwenda dukani, nikakutana na kundi la wafanyakazi wanaoteremka kutoka kwenye feri. Katikati yao yuko mtu anamwiga msimamizi wao Mzungu anavyotembea, wenzake wamekufa kwa kicheko. Wallahi sikumjua mpaka alipogeuka. Alikuwa Mbwana. Nikamfuata kwa mbali. Alipofika pembeni mwa nyumba yake alisimama, akavuta pumzi, akajipangusa uso kwa kiganja, ile furaha yote ikatoka. Ndipo akapiga hodi.

Kesho yake tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza Saumu waziwazi.

"Mwanangu, nambie. Ana nini mumeo?"

"Hana kitu, Bi Mwanasha. Nikimwambia jambo la kuchekesha, ananitazama anangoja mwisho wake. Naye akinieleza jambo la kazini, mimi nangoja mwisho wake. Tumengojeana miaka mitano."

"Hakupigi?"

"Laiti."

"Astaghfiru! Usiseme hivyo."

"Laiti angenipiga kofi moja tu," akasema, bado anachambua mchele, "ningekuwa na la kuwaambia wazee."

Mnasikia? Mwanamke mwenye akili timamu anatamani kofi, kwa sababu kofi lina mahali pa kuandikwa!

Nikarudi kwa Maalim. Akaniuliza kama kawaida yake. Anamlisha? Nimeona. Anamvisha? Nimeona. Anampiga? Sikuona. Anamtukana? Sikuona. Analala nyumbani kwake? Nimeona. Mke anamtii? Nimeona. Maalim akafurahi. "Alhamdulillahi, hapana ugomvi hapa. Arudi kwa mumewe."

Hakuniuliza zaidi, nami sikuongeza. Ningeweza kumwambia habari za pale pembeni mwa nyumba, Mbwana anavyojipangusa uso. Sikumwambia, kwa sababu nilifundishwa kujibu nilichoulizwa, na nilijivunia hivyo. Kosa lile la pweza nalicheka hadi leo. Hili silicheki.

Saumu hakuchoka. Akasema atarudisha mahari yote ajikomboe, na dini inamruhusu. Lakini lazima mume akubali, na Mbwana akakataa. "Hana kosa," alisema, na machozi yalimlenga, "nitamwachaje mtu asiye na kosa? Tena nichukue na mahari yake? Kesho nitaulizwa kwa Mungu." Wazee wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Dini ina mlango, nao ni mpana, na mwenye kuachana kwa wema ameachana kwa wema. Ni sisi watu tuliosimama mlangoni tukiulizia kosa kama askari anayeulizia kipande. Mbwana mwema, Maalim mwema, mimi mwaminifu. Sote watatu tukamrudisha Saumu Timbwani.

Haukupita mwaka nikatumwa tena nyumba ile ile. Safari hii aliyeshitaki alikuwa mama yake Mbwana. Mke wa mwanawe ameharibika, alisema, hana adabu tena. Nikafika nikamkuta Saumu amekonda, na ananingoja.

"Karibu, Bi Mwanasha. Shikamoo. Safari hii utapata la kusema."

Alikuwa ameamua kutenda kosa. Na hakujua kulitenda, maskini! Siku ya kwanza aliunguza wali makusudi. Alisimama juu ya chungu akiusikiliza ukiungua, na huku analia, maana hakuwahi kutupa chakula maishani mwake. "Umeona?" akaniuliza. "Kamwambie Maalim." Mbwana alikuja akala ule wali, mweusi, akasema alhamdulillahi. Siku ya pili alitoka bila ruhusa, akaenda Kisauni kwa khalati yake, dada wa mama yake, huko ng'ambo ya pili, nami nyuma yake, akarudi magharibi. Mbwana akamuuliza, "Umefika salama?" Siku ya tano alijaribu kumtukana. Alijitayarisha kutwa, namsikia jikoni akijaribu. Mume alipoingia akamwambia, "Wewe mbuzi!" Kisha akageuka kwangu, akaninong'oneza, "Hilo latosha?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mbwana akasema, "Nimekusamehe, Saumu." Saumu akaingia chumbani akafunga mlango, nami nikaacha kucheka.

Na mtaani je? Mbwana akawa mfano. Tazameni subira, watu walisema. Kila Saumu alipokosa, Mbwana alisamehe, na kila aliposamehe, kamba ilizidi kukaza shingoni mwa mwenzake. Nilikuwa naona. Nilikuwa nashona kofia na naona.

Siku ya baraza ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume walikaa mbele, mimi na Saumu nyuma ya pazia. Maalim alikuwa hajafika, na wazee walikuwa katika mazungumzo ya siku zile, ambayo kila baraza lilikuwa nayo: mwambao uwe na serikali yake, au utiwe pamoja na bara Mwingereza akiondoka? Mzee mmoja, yule yule aliyesema deko, akapiga paja lake. "Sisi hatuwachukii watu wa bara," akasema. "Hawajatukosea kitu. Hatupatani nao tu! Na watu wasiopatana hawatiwi nyumba moja kwa nguvu!" Wote wakaitikia, naam, naam, umesema kweli.

Nilitaka kulipasua lile pazia. Wallahi nilitaka kuingia katikati yao nimuulize mzee yule, hilo neno kumbe unalijua? Likiwa la nchi ni hoja, likiwa la Saumu ni deko? Nilimwona Saumu amesikia.

Maalim akaingia. Akamsifu Mbwana, akamshauri Saumu aombe radhi mbele ya watu, yaishe. Saumu akasimama.

"Maalim, na nyinyi wazee wangu, nina mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume. Nina mwanamume mwingine."

Maalim akaziba masikio. "Jistiri, mwanangu! Usijitie moto!"

"Nimesema."

"Uongo!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mbwana. "Saumu si mtu wa hivyo. Amepandwa na hasira tu. Muulizeni Bi Mwanasha, amekaa kwangu siku tisa. Alipo Saumu yeye yupo. Muulizeni!"

Maalim akaugeukia upande wa pazia. "Bi Mwanasha. Ni kweli?"

Sasa nyinyi mnaopenda fomu, nijazieni hiyo. Nilijua ni uongo. Hapakuwa na mtu, wala kivuli cha mtu. Nikisema sikuona, na neno langu lilikuwa linaaminiwa kuliko la mtu yeyote pale, Saumu anarudishwa Timbwani, na kesho wali wa kuungua, na kesho kutwa nimekusamehe, mpaka afe. Nikisema nimeona, nimemsingizia mwanamke zinaa, na hilo ni dhambi ambayo jina lake nalijua. Saumu alikuwa ameshika pindo la buibui langu. Hakunivuta. Alishika tu.

"Yamkini," nikasema.

Neno moja. Mimi, Bi Mato, ambaye sikuwahi kusema yamkini. Mbwana aliposikia limetoka kwangu, aliamini. Alitoa talaka tatu pale pale, moja juu ya nyingine, sauti imepasuka. Saumu aliachia pindo langu, akavuta pumzi ndefu. Na mimi nilifika nyumbani nikaukunja mkeka wangu.

Hiyo ndiyo talaka waliyoikubali wazee. Ile ya kweli, ya watu wawili wasiopatana wakaagana kwa heshima, waliikataa mara mbili. Ya uongo, iliyomchafua mwanamke mzima na kumvunja mwanamume, waliipokea siku moja! Mama yake Saumu alimfungia mlango, akasema mwanawe amekufa. Saumu akahamia Mikindani, akapanga chumba, akawa anachoma mahamri alfajiri kwa ajili ya wafanyakazi wa Changamwe. Nilimtembelea. Alikuwa anacheka na wateja wake, cheko lile lile la uani. Lakini mtu wa Likoni akipita barabarani, alijifunika ushungi mpaka machoni, kwa dhambi ambayo hakuitenda.

Kazi niliiacha. Maalim alinitumia watu mara tatu, nikasema naumwa. Na kama mnadhani hasira yangu ni ya wazee wale tu, nina yangu mwenyewe pia, na hiyo inaniamsha. Siku zile tisa za kwanza nilikuwa na kweli mkononi, nikaikalia.

Mwingereza akaondoka. Bendera mpya zilikuwa bado zimening'inizwa pale kwenye feri, asubuhi moja akaja Mbwana mlangoni kwangu. Alikuwa ameota mvi. Nikamkaribisha, hakutaka kahawa.

"Bi Mwanasha, nakuomba unitajie jina. Sitamfanya kitu, naapa. Nimechoka tu. Nikisimama msikitini natazama migongo ya safu ya mbele, nasema ni huyu, la, ni yule. Miaka yote hii."

"Jina la nani, Mbwana?"

"La yule mtu wake."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, tangu mchele tuliokuwa tukiuchambua mpaka mkono kwenye pindo langu. "Hapakuwa na mtu," nikasema. "Saumu alitaka kutoka, na hatukumpa njia nyingine. Na mimi nilijua."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Akasema taratibu, "Athumani."

Athumani alikuwa jirani yake, mlango kwa mlango, na rafiki yake tangu utotoni. Alikuwa amefariki, ule ulikuwa mwezi wa tano tangu azikwe, na mkewe alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda.

"Nilidhani ni Athumani," Mbwana akasema. "Kwa sababu Saumu alikuwa akicheka na mkewe uani. Niliacha kumwamkia. Alikuja kwangu sikukuu mbili nisimfungulie. Alipokufa sikwenda kumzika. Nilisikia wanampitisha mbele ya dirisha langu, nikakaa ndani."

Akasimama. Akaniomba nifuatane naye kwa mjane, kwa kuwa yeye peke yake hataaminiwa. Nikavaa buibui langu tukaenda.

Mjane alitukaribisha ukumbini. Nikasema mimi, yote, bila ya yamkini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alimtazama Mbwana, akasema:

"Kumbe ni hilo. Mume wangu alikuwa akiniuliza hata kitandani kwake, siku ya mwisho: Mama watoto, nimemkosea nini Mbwana?"